Barua Niliyoipanga Upya

Enzi zetu, wakati nchi ikiitwa Zaïre na mwalimu akiitwa citoyen, yaani raia, insha haikuandikwa ovyo. Wenzangu mliokulia kambi za wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi mnakumbuka: kichwa, tumbo, mkia. Asubuhi tuliimba uwanjani tumejipanga mistari, miguu myekundu kwa vumbi la nzango, mchezo wa kuruka na kurusha miguu, halafu citoyen mwalimu, ndani ya abakosti, suti ya enzi zile isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, anatuandikia ubaoni aina za maandishi. Masimulizi yanafuata siku. Maelezo yanaanzia mbali yakija karibu. Ripoti inatanguliza jambo kubwa, kwa sababu mkubwa wa kazi hana muda wa kupoteza. Mimi niliipenda ripoti. Nilikuwa darasa la sita, na nilijiona nimemaliza elimu.

Mama hakujua kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa kalamu yake. Jumapili, baada ya kula bukari, ndiyo ugali, na sombe ya majani ya muhogo, alifuta meza, akanikalisha, akaanza kunitajia barua ya kwenda kwa kambo, yaani bibi yetu, mama yake mzazi, aliyebaki kijijini Kasai, karibu na Mwene-Ditu. Barua za mama zilikuwa ndefu. Kwanza salamu kwa kila mtu kwa jina lake, hata jirani mwenye mbuzi. Kisha mvua, mahindi, watoto. Habari mbaya, kama ipo, ilikaa mwisho kabisa. Wazee wetu wote waliandikisha hivyo, na mimi niliona ni kuzungukazunguka tu.

Mwaka ule tulikuwa na habari mbili. Mjomba Mulumba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua. Wiki mbili baadaye mama akajifungua mtoto wa kike, akampa jina la kambo, Ngalula. Alichotaka mama kuliko kitu chochote ni kambo aje wakati wa kiangazi, amshike huyo mtoto kabla uzee haujamzuia kupanda treni. Akataja salamu, akataja mtoto, akataja kitanda alichotayarisha karibu na dirisha, na mwisho, kwa sauti ndogo, kaka yake.

Mimi nikaipanga upya. Mstari wa kwanza niliandika kwamba mjomba Mulumba amekufa. Mengine yote yakafuata chini. Mama aliponiambia nimsomee, nilisoma kwa mpangilio wake, macho yakirukaruka kwenye karatasi, huku nikijisifu moyoni kwa ujanja wangu. Barua ikaondoka na msafiri.

Kiangazi kikafika. Kila siku ya treni ya Kasai, mama alimwogesha Ngalula, akampaka mafuta, akambeba mgongoni mpaka stesheni. Kila mara alirudi na mtoto tu, akapasha chakula. Baridi ya mwezi wa sita, katikati ya kiangazi chetu, ikaja, ikapita. Hatimaye msafiri yuleyule alipita nyumbani, akatueleza. Katekista wa kijiji aliifungua barua mbele ya watu, akasoma mstari wa kwanza, kambo akaanguka chini, akina mama wakajaa uani. Nani angeendelea kusoma katikati ya kilio? Karatasi ilikunjwa, ikawekwa sandukuni.

Mama alinigeukia. Nilingoja kofi. Halikuja, na kutopigwa huko kuliniuma zaidi.

"Leta karatasi," alisema. "Leo uandike vile mi nasema."

Kambo alikuja kiangazi kilichofuata, Ngalula akiwa tayari anakimbia. Alishuka na kapu la karanga, na barua yangu ya kwanza ameifunga kwenye pindo la kitenge. Jioni ile, mtoto amemlalia mapajani, aliniita nikae karibu.

"Mutoto alikuwa mu barua mwaka muzima, mi sikujua," aliniambia. "Siku ingine, tanguliza mutoto. Ule mwenye alikufa utamusema kwa mwisho, bantu bakisha kuikala." Yaani, watu wakishaketi.

Hakuwa na hasira. Alinimenyea karanga, nami nikazila nikilia.

Watoto wa leo wana simu, na simu haina utangulizi. "Mzee ameenda," picha ya mshumaa, tayari ukoo mzima umejua kabla maiti haijaoshwa. Wajukuu wangu huzicheka salamu zangu ndefu, eti, kambo, sema kitu unachotaka. Nawasamehe, maana hata mimi niliwahi kuwa na haraka. Lakini naikosa ile meza iliyofutwa, na sauti ya mama ikitaja majina.

Mwaka jana mama alifariki. Ngalula anaishi ng'ambo, na ilikuwa zamu yangu kumwandikia, kwa simu. Nilianza na salamu, jina kwa jina. Nikamweleza mvua. Nikamweleza kwamba binti yangu amejifungua salama, na mtoto tumempa jina la mama. Mwisho kabisa, nikamtaja mama. Simu yangu ilikaa kimya muda mrefu, halafu ikalia.

"Yaya," alisema Ngalula, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "nilisoma yote."