Jiko la mwisho la Klabu ya Upepo

DODOMA: Jua bado halijachomoza, na Dorkasi Ndahani yuko uani kwa Klabu ya Upepo, Chang'ombe, anachochea kuni huku ameukinga moto kwa mgongo wake. Juu ya mafiga limebandikwa sufuria la uji wa uwele la kutosha wanaume ishirini na ushee. Anakoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, uso kaugeuza pembeni kukwepa moshi.

“Mbukwenyi!” anawasalimu kwa Kigogo, sauti ikipenya madirishani. “Amkeni, jamani! Mpira hauchezwi kitandani.”

Vijana wanatoka mmoja mmoja, wamejikunyata kwa baridi ya Juni, wengine wamejifunika shuka begani.

“Shikamoo, Mama Tumsifu.”

“Marahaba, baba. Nawa mikono.”

Kila mmoja ni baba kwake, hata yule winga mdogo ambaye ndevu hazijaamua kama ziote au zisiote.

Hakuna anayegusa kikombe kwanza. Nahodha Geofrey Sudai anasogea hadi kwenye mafiga na kusimama, mikono nyuma. Dorkasi anachota uji kwa kijiko, anaupuliza, anaunywa mbele ya macho ya wote, kisha anafungua mdomo kama mtoto aliyemeza dawa. Geofrey anatikisa kichwa kuridhia. Ndipo vikombe vinaanza kugongana.

Amefanya hivyo kwa kila chungu na kila sufuria tangu mwaka 1974, miaka thelathini sasa. Leo ni Ijumaa, na hii ndiyo kambi yake ya mwisho. Jumapili Upepo inakutana na timu kutoka Singida katika Uwanja wa Jamhuri, na ikishinda inapanda daraja la kwanza. Ishinde isishinde, nyumba hii ya klabu imeshauzwa. Jumatatu mnunuzi anakabidhiwa funguo, na jiko hili litavunjwa kupisha ghala la mitumba. Msimu ujao timu itapiga kambi hotelini.

“Nikiamka usiku nalisikia hili jiko linaniita,” anasema Dorkasi, akifuta macho kwa ncha ya khanga. Anasingizia moshi. Moshi wenyewe umeshakwenda upande wa pili.

Dorkasi, mwenye umri wa miaka 46, alizaliwa Makutupora, ambako wazazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya zabibu. Akiwa msichana alikuwa akija mjini na beseni kichwani kuwauzia zabibu wafanyakazi wa karakana ya shirika moja la umma la usafirishaji. Wafanyakazi hao ndio walioianzisha Upepo mwaka 1967. Mafundi walicheza jioni wakiwa bado na grisi mikononi, na shirika likalipia jezi, viatu, lori la safari na nyama ya kambi.

Mwaka ule wa 1974 wachezaji waliharisha usiku wa kuamkia mechi kubwa, wakafungwa mabao manne. Uongozi ukashuku chakula kimetiwa kitu, ukamwondoa mpishi siku hiyohiyo. Ikabaki kazi ya kumpata mwingine, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa kuwa kila mtu mjini alikuwa na timu yake, au mume mwenye timu yake, au shemeji. Nani angeaminiwa na chungu?

“Wakaniita ofisini na beseni langu la zabibu,” anakumbuka Dorkasi. “Mzee Bartolomayo, mmoja wa waanzilishi, akaniuliza, ‘Binti, wewe ni shabiki wa timu gani?’ Nikamjibu, ‘Timu ya nini?’ Wakaangaliana. Akasema, ‘Huyu huyu.’ Nikaajiriwa palepale.”

Kwa hiyo alipewa kazi ya mpira kwa sababu hakuujua mpira. Haikuchukua muda. Baada ya msimu mmoja alikuwa akizomea waamuzi kwa majina yao, wakati hajawahi hata kuwaona. Siku ya mechi yeye hubaki nyuma, maana timu ikirudi lazima ikute chakula. Matokeo huyajua kwa jinsi wanavyonawa mikono. Wakishinda wanarushiana maji.

Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma, mji ukajaa watumishi kutoka kila pembe ya nchi, na kikosi nacho kikajaa. Respicius, beki kutoka Bukoba, alitaka ndizi. Kiungo mmoja wa Tanga alitaka wali wa nazi, na nazi Dodoma wakati huo ilikuwa adimu kuliko mvua. Wenyeji walitaka ugali wa uwele. “Nikawaambia wote, hapa ni Ugogoni, tumbo litajifunza,” anasema. “Likajifunza. Respicius alipostaafu aliondoka na debe zima la unga wa uwele.”

Kitu kimoja tu hakipikwi kambini: mlenda.

Mgogo bila mlenda amekula nusu. Lakini katika masika ya mwaka 1986, usiku wa kuamkia mechi, golikipa Silvano, mzaliwa wa Mvumi, alimbembeleza Dorkasi ampikie bakuli moja tu, la kuondoa hamu. Akampikia. Kesho yake mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope, na dakika za mwisho mpira mwepesi, wa kudaka kwa mkono mmoja, ukamponyoka Silvano ukatambaa wavuni. Jioni wanachama wakakutana. Aliyeona bakuli akasema aliloliona. Mvua haikutajwa, tope halikutajwa. Ukapigwa marufuku mlenda, kwa maana kinachoteleza kooni kitateleza na mikononi.

“Mlenda haujawahi kufunga goli!” Dorkasi anacheka hadi anashika kiuno. “Lakini nilitii. Ukibishana na mtu wa mpira utakesha.”

Silvano mwenyewe siku hizi ni dereva, analeta samaki wa Mtera. Akipita mjini hukaa kwenye genge la Dorkasi pale Majengo na kuagiza mlenda kwa sauti, watu wasikie.

Genge hilo ndilo linalomlisha Dorkasi sasa. Mwaka 1994 shirika lilifilisiwa, karakana ikafungwa, mafundi wakapunguzwa kazini. Klabu ikawa yatima. Ilishuka daraja, ikashuka tena, hadi ikawa inacheza na timu za mitaani. Mshahara wa mpishi ulikatika pamoja na wa mafundi, na genge likampa faida ya shilingi elfu mbili kwa siku nzuri, siku mbaya likampa ukoko.

Hakuacha. Kambi ikiitishwa alifunga genge na kupita kwa wanachama na toroli. Huyu anatoa debe la mtama, yule kuku, mwingine karanga. Mwingine anatoa pole. Mkono mtupu haulambwi, lakini Dorkasi anasema alijifunza kuupokea nao, kwa sababu kesho yake ulikuwa unarudi na kitu.

Ndipo mwaka jana akaja Ambokile, mfanyabiashara wa vipuri mwenye asili ya Mbeya aliyehamia hapa miaka kumi iliyopita. Anapenda mpira kama ugonjwa. Alinunua jezi, akaleta kocha mwenye cheti, akalipa nauli, na timu ikaanza kushinda. Mwezi Machi akawaita wanachama kwenye mkutano mkuu, hapahapa uani, akasema yaliyomleta. Klabu isajiliwe kuwa kampuni. Nyumba iuzwe, fedha iwe mtaji, kila mwanachama apate hisa zake. Wachezaji walipwe mshahara kila mwezi. Kambi iwe hotelini, penye maji ya bomba na vitanda vya kutosha.

Uani pakachafuka. Mzee Bartolomayo, mwanzilishi pekee aliyebaki hai, alisimama na mkongojo wake. “Hii nyumba tulifyatua matofali yake kwa mikono yetu,” alisema. “Klabu ni ya wanachama. Siyo duka la vipuri.”

Wengi walimpigia makofi. Walipokwisha kupiga, mtu akasema kwa sauti, “Mama Tumsifu naye ni mwanachama. Aulizwe, jiko ni lake.”

Kila mtu alidhani anajua jibu. Bartolomayo alikuwa ameshaanza kukaa.

Dorkasi akanyoosha mkono kwa upande wa kuuza.

Anapolisimulia hili, mwiko unasimama. Anasema hakupanga, ila alipotazama wale vijana waliokuwa wamejipanga ukutani alimwona Geofrey, akakumbuka kambi ya Februari. Siku ile alimchinja mbuzi, akawagawia vizuri, kisha akamwona nahodha wake anageukia ukuta, anaifuta nyama mchuzi na kuitia ndani ya mfuko wa nailoni. Ana watoto wawili na mkewe alikuwa mjamzito. Alicheza kesho yake dakika tisini na ugali mtupu tumboni.

“Mimi nilidhani nawalisha,” anasema polepole. “Kumbe nilikuwa nalisha mmoja siku mbili, na nyumbani kwake wako watatu wanaolala njaa mwezi mzima. Jiko langu haliwezi hilo. Mshahara unaweza. Nalipenda hili jiko, Mungu ananiona. Lakini sikuweza kulipenda kuliko wao.”

Baada ya mkono wake, mingine ikafuata. Hoja ikapita.

Mzee Bartolomayo hajamsalimu tangu siku ile. Alikuwa hakosi genge lake, kila asubuhi chai na maandazi mawili. Sasa anavuka barabara kabla hajafika. Dorkasi humwekea kikombe bado, na kukimwaga jioni. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, mzee alijibu kwa ufupi: “Yule ni binti yangu. Nilimwokota na beseni lake mimi mwenyewe. Nitaongea naye siku ninayoweza.”

Ambokile si mtu wa kuchukiwa, ingawa ingekuwa rahisi kumchukia. Aliwaomba wenye hoteli wamwajiri Dorkasi. Wakajibu wana wapishi wao, wamesomea. Jana alifika kambini kuwatakia heri vijana, akala ugali wa uwele na nyama ya mbuzi, akajilamba vidole, akamwambia Dorkasi kwamba katika kampuni hakuna imani za kizamani, kuna sayansi ya lishe.

“Basi nikupikie mlenda uwaonjeshe vijana?” Dorkasi akamuuliza.

Ambokile akatazama huku na huku, akashusha sauti. “Mama, hata baada ya mechi si mbaya.”

Uani kila mtu alicheka, na yeye akacheka.

Uji umekwisha. Wachezaji wanasuuza vikombe wenyewe, jambo ambalo hawajawahi kufanya, na wanalifanya vibaya. Wanazungukazunguka tu jikoni bila sababu. Golikipa anapapasa ukuta mweusi kwa moshi, anatazama kiganja, anakifuta kwenye bukta yake mpya ya mazoezi. Hakuna anayemkaripia.

Geofrey anaingia ndani. Anachukua kiti cha mbao kutoka chumbani na kukiweka kwenye meza ndefu, katikati, palipo na nafasi.

“Mama, kaa.”

“Nikae nifanye nini?”

“Ukae tu. Mchana tule wote.”

Dorkasi anakitazama kiti. Anaweka mkono kwenye egemeo lake, anakisukuma taratibu mpaka kinaingia chini ya meza. “Nina maharage motoni, baba. Nendeni mazoezini, kocha anawasubiri.” Wanakwenda, malapa yakiburuza mchangani, na ua unabaki na kuku wawili wa jirani.

Anakaa kwenye kinu kilicholazwa, anapeta maharage ambayo ni wazi hayako motoni bado. Ndipo anaposema kile anachokitaka, na anakisema kama mtu aliyekuwa amekibana muda mrefu.

“Sijawahi kula nao. Hata siku moja. Ninaonja, nasimama mlangoni, natazama sahani ya nani imeisha, nani anaona haya kuomba. Mimi nakula wakishalala. Ndiyo kazi, silalamiki. Mpishi akikaa mezani, chungu kinabaki na nani? Ningekaa leo, ningekuwa nimekiacha chungu peke yake kabla ya mechi. Siwezi.”

Anapuliza makapi kwenye ungo.

“Lakini nimemwambia Ambokile. Sitaki kazi hotelini kwenu. Wakipanda daraja, wakiwa kambini huko, siku moja tu anipitishe mlangoni. Amesema nitapita, ameniapia kwa mama yake. Nitakaa katikati ya wanangu. Sitaonja kwanza. Nitaletewa sahani kama wao, na mtu mwingine asimame kule mlangoni atutazame.”

Anatabasamu, na safari hii hasingizii moshi.

“Halafu huyo mpishi wao aliyesomea, aje nyuma yangu aniulize, ‘Mama, tukuongezee?’”

Na atamjibu nini?

“Nitamwambia aongeze.”