Shikamoo ya Jumamosi

Tangu Leodgar apate kazi ya uhudumu katika mgahawa wa Kihindi pale Kigoma mjini, soko la Mwanga halikupumua. Mama yake, Marcelina, anauza mawese, na kila aliyekuja kununua aliondoka na mafuta pamoja na habari za Leodgar: shati lake jeupe, vitambaa vya mezani, mikate ya naan inayotoka tanurini imefura. Si kwamba Marcelina ni mtu wa majivuno. Alimlea mtoto huyo peke yake, akiwa amembeba mgongoni huku anapima mafuta hayohayo. Ukimnyima mama wa namna hiyo kujisifu kidogo, basi wewe una roho mbaya.

Elida, muuza dagaa wa meza ya jirani, ndiye aliyechoka kusikia. Huyu mdomo wake hauna breki. Siri ukimpa asubuhi, mchana inauzwa pamoja na dagaa. Akasema maneno yatosha, waende wakajionee. Marcelina akakubali, ila hakumwambia mwanawe, alitaka kumshtukiza. Jumamosi wakavaa vitenge vyao vya kanisani, na Marcelina akasugua kucha kwa ndimu mpaka zikawasha, maana rangi ya mawese ikishakaa kwenye kucha haitoki hivihivi. Biriani haikuwa shida yake. Alitaka mwanawe aje mezani, ainame kidogo, amwamkie mbele ya Elida na mbele ya wale watu wanaoweka funguo za magari mezani. Hicho tu.

Walipoingia, Leodgar alikuwa amesimama karibu na kaunta na trei mkononi. Macho yakakutana, na Marcelina akaliona tabasamu linaanza kuja. Msimamizi wake, Patrick, mtu wa kununa tangu asubuhi, akakohoa, na tabasamu likarudi lilikotoka. Leodgar akaja, akaweka menyu mezani.

"Karibuni sana, wateja wetu."

Kwa mama aliyemzaa, jamani! Marcelina alidhani ni utani, akangoja. Leodgar akaitazama kalamu yake, akauliza wangependa kula nini. Elida akafungua mdomo, kisha, jambo ambalo halijapata kuonekana sokoni, akaufunga bila kusema kitu.

Chakula kilikawia. Waliokuja nyuma yao wakahudumiwa, wakala, wakachokonoa meno. Biriani ilipofika ilikuwa moto kwa juu, baridi kwa chini, nyama ngumu, dengu maji matupu, na ile naan iliyosifiwa imekauka, ukiigonga inaitika. Mpishi wa zamani alikwisha kuondoka, lakini nani angewaambia? Kila Leodgar alipopita karibu nao alipita mbio, anajitia hamnazo. Elida aliomba pilipili, ikaletwa na mhudumu mwingine.

Marcelina alikula chote. Alitafuna huku anawaza. Ni kitenge? Ni harufu ya mawese? Au ni yeye mwenyewe, aliyemhubiria kijana kila siku ashike kazi kwa mikono miwili, asimpe bosi sababu? Aliumia sana, na kila alipotaka kumkasirikia mwanawe alimwona anavyoshtuka Patrick akikohoa, hasira ikakosa pa kukaa. Leodgar alipoleta bili, alimlipa, akamtazama usoni.

"Asante, kaka," akamwambia. "Mungu akubariki katika kazi yako."

Kaka! Leodgar akabaki amesimama na pesa mkononi, mpaka Patrick akamwita.

Wakapanda bajaji kurudi. Marcelina alijua kwamba Jumatatu Leodgar angekuwa gumzo la soko: kijana aliyemkana mama yake kwa ajili ya shati jeupe. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alitamani kumwomba Elida anyamaze, lakini kuomba ni kukiri kwamba limetokea, na yeye hakuwa tayari.

Jumatatu wanawake wakawazunguka. Marcelina akawahi kusema: chakula chao kibovu, msiende, kimelala siku nzima ndipo wanakipasha. Wakacheka. Frida, muuza nyanya, akauliza, na kijana je, alifurahi kumwona mama yake?

Marcelina akashika chupa iliyokuwa tupu, akaanza kuipangusa. Elida akamtupia jicho mara moja, kisha akagonga meza kwa kopo lake la dagaa.

"Alituamkia vizuri, akatuketisha mahali pazuri," akasema. "Mtoto ana adabu yule. Ila wali wao, mh, hata kuku wangu hawali."

Leodgar alikuwa amekwisha kufika nyuma yao, amevaa shati la kazini. Alikuwa ametoka kwenye chumba alichopanga mtaa wa Rusimbi, akapitia sokoni kabla ya zamu. Alisikia yote. Akamtazama Elida, kisha akainama mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakunyanyuka. "Shikamoo, mama," akarudia.

Frida akacheka, akamuuliza kama amesahau kwamba ameshaitikiwa. Elida akajifanya anapanga dagaa. Marcelina aliijua hiyo ya pili ni ya siku gani. Akaiweka chini ile chupa.

"Marahaba, baba," akasema, kisha akamuuliza kama amekula.