Fundi Guerschom na Taa ya Ijumaa

Mimi sipendi watu wanaochungulia mambo ya wengine, na kazi ya Guerschom ya Jumamosi ndiyo hiyo. Siku nyingine anatengeneza vyerehani hapa Kisenyi, kwenye kibanda kilicho nyuma ya gereji, mikono imejaa oili. Ikifika Jumamosi anavaa shati safi, anapanda taksi mpaka Ntinda, kwenye baraza la mzee Ogwal, mpima ardhi mstaafu. Pale wanakaa watu sita kujadili taa za angani, nyumba zinazorushiwa mawe na sauti zinazoita watu majina. Wanajiita Chama cha Macho Wazi. Wana dira, futi ya kupimia, kamera ya zamani na madaftari. Nilipoambiwa habari zao mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga chai ya mteja.

Leo namwandika mtu huyo kwa sababu mama yangu bado analala katika chumba chake mwenyewe, hapa kwetu.

Mama anaitwa Ruqaiya. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na yeye ameishi katika ua huu tangu gereji hazijajengwa. Watoto wote wa hapa wanamwita haboba, yaani bibi. Sasa, mwaka jana baada ya Idi, taa ilianza kuja kwenye ukuta wa jirani yetu Alal. Ya mviringo, nyekundu kama kaa la moto, kubwa kama ungo. Ilikuja Ijumaa tu, saa kumi hivi za jioni, ikitetemeka, ikatembea polepole kutoka mlangoni mwake mpaka dirishani, halafu ikapotea. Ijumaa moja ikaingia ndani na kukaa juu ya kitanda cha mtoto wake, na siku hiyohiyo mtoto akashikwa na homa.

Basi, maneno yakaanza. Video ikazunguka WhatsApp. Taa ya Ijumaa, Waislamu wa Ijumaa, na kikongwe anayekaa peke yake kibarazani akitazama. Wakasema haboba ana mayembe, zile pembe zenye mashetani ambazo watu wa hapa wanaziogopa kuliko polisi.

"Shetani gani anaogopa mvua?" nilimuuliza Alal tukiwa bombani. "Ijumaa ile ya mvua mbona hakuja?"

"Hata wewe, Mama Hamim, mvua ikinyesha hutoki!"

Nikabeba ndoo yangu, nikaondoka.

Latif, mwenye nyumba, akaja kusimama getini na funguo zake mkononi. "Dada Nuriat, mimi na mama hatuna ubaya. Lakini wapangaji wanne wanataka kuondoka. Ijumaa hii taa ikija tena, mtahama nyinyi."

Mama alisikia. Siku hiyo hakula. Kesho yake asubuhi nilimkuta ametoa shuka kitandani, amelitandaza sakafuni, anafungia nguo zake. Anakwenda Bombo kwa ndugu, akasema, ili mimi nibaki na wateja wangu. Umri huo, aende kuanza kuomba nafasi kwenye nyumba ya mtu!

Nikafunga kibanda changu cha chai, nikaenda kwa Guerschom. "Fundi, si mnatafuta mashetani? Njooni mchukue letu."

Akaweka bisibisi chini. "Inakuja kila Ijumaa? Saa ileile?" Macho yalimng'aa kama ya mtu aliyetangaziwa harusi. Baadaye ndiyo nikajua kwa nini. Miaka yote wamekimbilia vitu vinavyotokea mara moja na kupotea. Kitu chenye ratiba walikuwa hawajawahi kukipata.

Alhamisi alikuja na mzee Ogwal. Akanipa karatasi mimi, akampa mama, akampa Alal, kila mmoja aelekee ukuta wake.

"Hakuna kusema. Kila mtu achore alichoona."

"Mimi nilichoona ni kwamba huyu Alal..."

"Mama Hamim, tafadhali. Kuchora ni kwa mkono."

Mzee Ogwal alicheka mpaka akakohoa. Tukachora. Mama hajawahi kushika kalamu, lakini alichora duara, na upande mmoja akaliacha na pengo dogo, kama limeng'atwa. Alal naye alikuwa amechora pengo hilohilo. Guerschom akaziweka karatasi mbili pamoja.

Halafu akatusimulia kisa cha Luzira. Waliambiwa kuna taa inayotembea juu ya ziwa, wakajigawa vikundi viwili: kimoja ufukweni Luzira, kingine ng'ambo ya ghuba. Kila kikundi kikaona taa, kikaipungia, nayo ikajibu. Waliandika madaftari mazima kwa wiki tatu kabla hawajagundua kwamba kila kikundi kilikuwa kinaandika karabai ya wenzake.

"Toka siku ile, tunaanza na sisi wenyewe," alisema. "Mama Hamim, Ijumaa nyinyi munafanya nini ambacho siku zingine hamufanyi?"

"Tunasali!"

"Kisha?"

"Tunakula. Wote pamoja, kwenye sinia moja. Wewe hujui Ijumaa ya Wanubi?"

"Kisha?"

"Kisha naliosha! Nalisugua kwa jivu, naliangika likauke. Unataka na rangi ya sabuni?"

"Unaliangika wapi?"

Hapo niligeuka nikatazama nyuma ya jiko. Sinia letu ni la shaba, kubwa, la babu yake mama, na ukingo wake una pengo tangu sijazaliwa. Zamani nililiegemeza chini kwenye ukuta. Baada ya Idi kuku walilichafua, nikapigilia msumari juu kabisa nyuma ya jiko, nikalifunga kwa waya. Linaning'inia pale likiuelekea ukuta wa Alal, upepo unalitikisa, na jua la saa kumi linalipiga usoni.

Nilimvuta Guerschom pembeni. "Fundi, usiseme. Kesho silitundiki, taa haiji, yamekwisha. Wewe andika kwamba haikujulikana."

"Hapana, mama. Wakisikia taa imekoma watasema haboba ameifunga kwa dawa. Mtoto mwingine akishikwa na homa, watarudi mlangoni kwake." Alikuwa anafuta mikono ambayo siku hiyo haikuwa na oili yoyote. "Kule kwetu Butembo, dada yangu Kahambu walimfukuza kwa sababu ya taa mlimani. Hakuna mtu aliyeichora. Hakuna mtu aliyeuliza kitu. Mpaka leo sijui ilikuwa taa gani, na dada sijui yuko wapi."

Nikamwambia sawa, kesho nitalitundika.

Ijumaa tulikula, nikaosha, nikatundika. Guerschom aliwapanga watu wote mbele ya ukuta wa Alal, na Latif na funguo zake. Saa kumi taa ikaja. Watu wakarudi nyuma. Mama alisimama katikati yao, ameshika upande wa nguo yangu.

"Alal," Guerschom aliita kutoka jikoni, "njoo uishike taa yako."

Alal akaenda kwa kusitasita. Akaligusa sinia, taa ikaruka ukutani. Akaligeuza, taa ikapanda paa. Akalishusha kutoka kwenye msumari, ukuta ukabaki ukuta. Akalishika kwa mikono miwili, akalielekeza kwa Latif, na baba mwenye nyumba akafunika uso kwa funguo zake. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Dada Nuriat," Latif alisema, macho yamemtoka machozi, "kumbe shetani wenu anaosha vyombo!"

"Na wako anakusanya kodi," nilimjibu.

Alal alikuja na sinia kifuani, akapiga magoti mbele ya mama. "Haboba, nisamehe."

Mama alimtazama kidogo. "Mtoto amepona?"

"Alipona zamani, haboba."

"Basi mlete. Wali umebaki."

Guerschom alikuwa ameketi kwenye ngazi na daftari lake. Alichukua muda mrefu kuandika neno fupi: sinia. Nikamuuliza mbona uso umemshuka wakati watu wanamshangilia.

"Nilitamani iwe ya kweli," alisema. "Ilikuwa inakuja kwa saa."

Mtu huyo alikuwa na kitu alichokitafuta miaka yote, akakiweka mezani ili mama yangu asihame. Malipo alikataa. Chama chao hakichukui kitu, alisema. Chakula je? Chakula hakukikataa. Kila Ijumaa, kabla mkono wowote haujagusa sinia, namtolea sehemu yake, na atakayelalamika namwonyesha mlango. Msumari nao bado uko palepale juu, maana siku nilipoung'oa mtoto wa Alal alilia akitaka taa yake, nikaurudisha.

Jioni ya siku ile Alal alipoomba msamaha, wageni walipoondoka, nilimkuta mama chumbani. Alikuwa amefungua ule mzigo. Alirudisha nguo sandukuni moja moja, akalikung'uta shuka, akalitandika kitandani.