Ametoka Kabla Hajaingia

Mwalimu aliyenifundisha kusoma saa alishitakiwa kwamba hajui kusoma saa. Nimejaribu kuianza habari hii kwa njia yenye upole zaidi, nimeshindwa. Basi ianze hivyo hivyo.

Mimi si mtu wa hasira. Nyumbani wananisema kwamba hata msibani inabidi nikae nyuma, maana meno yangu hayafichiki. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama aliyapokea kwa kusema, "Basi, umerudi mzima." Nikasomea ualimu wa chekechea, nikapata kazi katika shule ya binafsi hapo hapo kwetu Katandala. Ndoto yangu ni kuwa na shule yangu mwenyewe siku moja, yenye madirisha makubwa upande linakochomoza jua, kwa sababu watoto wa huku mwezi wa sita wanatetemeka mpaka penseli zinajiandikia zenyewe.

Siku ya kwanza kazini nilimkuta mwalimu huyo kwenye chumba cha walimu. Alikuwa amenifundisha darasa la kwanza, kisha akastaafu, na shule ikamchukua kwa mkataba kwa sababu wazazi walimwamini. Nilisimama wima kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, bwana, siku hizi sisi ni wenzio. Ila hiyo sketi ishushe."

Saa alitufundishia kwa duara alilokata kwenye boksi la sabuni, na mishale ya vijiti vya ufagio. Alikuwa anasema: jua likishachomoza, mtu akaamka, akanawa, akashika jembe, hiyo ndiyo saa moja. Siku inaanza na moja kwa sababu kuhesabu kunaanza na moja. Hata saa yake ya mkononi aliipanga hivyo. Simu zetu zikisema saba, mshale wake mfupi unasimama kwenye moja. Ukimuuliza anakwambia, "Yangu inasoma Kiswahili."

Sasa, muhula ule bei ya mahindi ilianguka, na bei ya mahindi ikianguka huku kwetu, ada nazo hazilipiki. Mkurugenzi, mama mwenye shule, ana shule mbili, hii ya kwetu na nyingine Laela. Alituita walimu wa shule zote mbili akatuambia kwamba mishahara itapunguzwa kidogo, kwa muda, mpaka mambo yakae sawa. Muda gani, hakusema. Kidogo kiasi gani, hakusema. Yeye mwenyewe alikuja na gari jipya, akaliegesha mbele ya dirisha ambapo wote tuliliona.

Tawi letu la chama cha walimu ni dogo. Mwenyekiti ni mwalimu wa hesabu wa Laela, anayepanda basi la kwanza kila tukiwa na kikao, akifika ana vumbi mpaka kwenye kope. Katibu ni mimi, si kwa elimu, kwa mwandiko tu. Mwenyekiti alisimama akasema, "Mkurugenzi, mkataba si mkate. Haukatwi vipande." Tukapiga makofi. Mkurugenzi akafunga mkoba wake.

"Sawa," akasema. "Nitapata njia."

Na mimi mjinga, kwenye muhtasari nikaandika: hoja imekwisha.

Wiki iliyofuata kikaja kitabu kipya cha mahudhurio. Kila mwalimu aandike saa ya kufika na saa ya kutoka, na kila jioni ukurasa upigwe picha, utumwe kwa simu ofisini mjini. Tukaona si neno. Mimi niliandika jinsi simu yangu inavyosema: nimefika 7:12. Mwalimu, mstari wa juu yangu, aliandika jinsi saa yake inavyosema: amefika 1:10, ametoka 9:30. Ukurasa mmoja, mistari inayogusana, wala hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tunavyoishi. Mtu akikuambia harusi ni saa nane, huulizi ni nane ya nani.

Mwisho wa mwezi tukapewa karatasi za mishahara. Mwalimu alikaa na yake muda mrefu, akavua miwani, akaipangusa kwa kanga, akaivaa tena.

"Njoo unisomee hapa," akaniambia. "Macho yangu leo yananidanganya."

Hayakumdanganya. Karibu nusu ya mshahara wake haikuwepo, na pembeni palikuwa na neno moja: utoro. Nyuma yake ilibanwa barua. Ilimtaka afike ofisini Alhamisi saa 4:00 kueleza kwa nini asifukuzwe kazi, kwa kuwa mwezi mzima hakufika shuleni wakati wa vipindi.

Mwanamke huyu alikuwa anafika kabla mlinzi hajazima taa. Ana wajukuu watatu anaowasomesha. Lakini aliponyoosha kidole kwenye ile karatasi hakukiweka kwenye pesa, alikiweka kwenye lile neno. "Mtoro," akasema polepole, kama mtu anayeonja kitu kuona kama kimechacha.

Wazee wote wenye saa za mkononi zilizopangwa kama yake walikatwa, kwetu na Laela. Vijana tunaonakili simu hatukuguswa. Mwenzangu, mwalimu wa michezo, alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. "Hayo mambo ya wazee," akasema. "Yangu imeingia kamili. Poa tu."

Kesho yake mimi na mwenyekiti tukaenda ofisini. Mhasibu ni kijana wa rika langu, wa hapa hapa. Alitufungulia kompyuta bila kututazama usoni.

"Hapa," akasema. "Amefika 1:10. Hiyo ni saa saba mchana. Vipindi vimeshakwisha karibu vyote."

"Na kutoka?" mwenyekiti akauliza.

"9:30."

"Ambayo ni saa ngapi, kwa hesabu zenu?"

"Saa tatu na nusu asubuhi."

"Kwa hiyo mama huyu ametoka kabla hajaingia."

Mwenyekiti, mtu wa hesabu, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. "Kila siku! Mwezi mzima! Si mtoro huyu, ni malaika."

"Kaka, mimi naingiza kilichoandikwa," mhasibu akasema, chini chini.

Alijua. Hilo ndilo lililonichoma na linanichoma hadi leo. Kosa la kutojua ningelisamehe, mimi mwenyewe nimekosea mambo mengi kwa kutojua. Lakini hakuna mtu aliyezaliwa Ufipa, aliyepelekwa chekechea akiwa na kamasi saa moja na nusu asubuhi, asiyejua 1:10 kwenye kitabu cha shule ni nini. Walijua wote. Njia ilikuwa imepatikana.

Mkurugenzi akatoka chumba cha ndani. Tulimwamkia, akaitika. Mwenyekiti alipomaliza kueleza, yeye akasema, bila hata kupandisha sauti, "Sasa mwalimu asiyejua kusoma saa anawafundisha nini watoto wangu?"

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema kuhusu lile boksi la sabuni. Badala yake uso wangu ukafanya kile unachofanya siku zote: ukatabasamu. Nikihisi uchungu, natabasamu, ndivyo nilivyoumbwa.

"Unaona?" Mkurugenzi akamwambia mwenyekiti. "Hata mwenzenu anacheka."

Nilitembea kwa miguu mpaka Katandala. Bodaboda watatu walinipigia honi, "Twende, dada!" sikumjibu hata mmoja. Nilifika nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumamosi tulikutana darasani, tumekaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwenyekiti alipendekeza tuwachangie waliokatwa: unga, maharage, mtu mwenye dagaa alete dagaa. Wengi wakaitikia. Mwalimu akanyoosha mkono, kama alivyotufundisha sisi kunyoosha.

"Nimekatwa mshahara," akasema, "sijafiwa. Wenye shida ya chakula wapeni. Mimi msinichangie, niteteeni. Alhamisi nafukuzwa kwa utoro. Nikitoka hapo, mtaani nitaitwaje?"

Mwalimu wa michezo akajikuna kisogo. "Mama, samahani. Lakini wengine tuliandika vizuri."

"Uliandika vizuri?" Mwalimu akamgeukia. "Uliinakili simu, mwanangu. Simu ndiyo iliyoandika vizuri."

Darasa likacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Ndipo nikasimama. Sijui nilipata wapi miguu. Nikasema: wameona tumegawanyika mistari miwili kwenye ukurasa, hawa wanaandika moja, hawa wanaandika saba, na wakakata katikati. Kuanzia Jumatatu wote tuandike moja. Wote, shule zote mbili. Basi kompyuta yao iseme kwamba shule nzima imetoka kabla haijaingia.

"Si tutakatwa wote!" mtu akasema nyuma.

"Ndiyo," nikasema. Safari hii uso wangu haukutabasamu.

Sitawadanganya, wengi hawakupenda. Ubishi ulikuwa mrefu, na mmoja akatoka akaubamiza mlango. Mimi mwenyewe niliogopa. Kuna kibubu chini ya kitanda changu kinachosubiri ile shule yenye madirisha.

Jumatatu asubuhi nilifika, nikaangalia simu, ikasema 7:12. Nikaandika 1:12. Mwalimu wa michezo alikuja nyuma yangu akipuliza vidole kwa baridi. Alishika kalamu, akatazama mstari wangu, akatazama mlango.

"Dah. Huyu mama akinifukuza nahamia kwenu, nakula kwenu."

"Tunakula uji wa ulezi asubuhi na jioni."

"Hamna hata nyama?"

"Andika, mshikaji."

Akaandika 1:20. Jioni picha ilikwenda mjini ikiwa ukurasa mzima wa moja moja. Laela nao walituma yao. Jumanne vivyo hivyo, Jumatano vivyo hivyo. Simu kutoka ofisini zilianza kuingia kwa mwalimu mkuu, naye akawa anajibu kwa upole, "Walimu wote wapo, Mkurugenzi. Wanafundisha. Kitabu ndicho kinasema hawapo."

Alhamisi tuliingia ofisini watatu: Mwalimu, mwenyekiti na mimi na daftari langu. Mkurugenzi alikaa katikati, mhasibu pembeni na kompyuta yake. Mwenyekiti alikuwa amejiandaa na vifungu vya mkataba, lakini Mwalimu alimgusa mkono, akatoa ile barua kwenye mkoba. Alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa safi, kama cheti cha ubatizo.

"Mwanangu," akamwambia mhasibu, "nisomee hapo uliponiita. Miwani nimesahau."

Hakusahau. Niliiona ndani ya mkoba.

Mhasibu akasoma: "Ufike ofisini Alhamisi, saa nne kamili."

"Nimechelewa?"

"Hapana, mama."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Kijana akachukua simu yake mezani, akaiwasha. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikaona kioo chote. Kilisema 10:05.

"Saa nne na dakika tano," akajibu.

Hakufikiri. Hakuna anayefikiri. Macho yaliona kumi na mdomo ukasema nne, kama tunavyofanya sote tangu tuliponunua simu. Kisha akasikia alichosema. Akaiweka simu chini kifudifudi, taratibu, na masikio yake yakaiva.

Mwalimu hakumcheka. Alimtazama kwa namna ile ile aliyotutazama sisi darasa la kwanza tukipata jibu. "Vema," akasema. "Unajua kusoma saa. Na barua yenu inajua. Ni mimi peke yangu nisiyejua?"

Mkurugenzi akasema hayo ni mambo ya utaratibu, kwamba yatashughulikiwa, kwamba mwezi ujao patakuwa na marekebisho kwa wote waliokatwa, twende tukaendelee na kazi. Mwenyekiti alishaanza kuinuka, amefurahi. Mwalimu hakuinuka.

"Pesa nitasubiri," akasema. "Hii barua ya utoro siondoki nayo na siiachi kwenye faili. Andika kwamba mmeifuta. Nitasubiri hapa hapa."

Alisubiri. Mkurugenzi alipokea simu, akatoka, akarudi, akaagiza chai ambayo haikutufikia. Mwisho mhasibu akachapa mistari miwili, Mkurugenzi akaweka sahihi bila kukaa. Neno pole halikuwemo, wala samahani. Mistari miwili tu: barua ya awali imefutwa.

Mwezi uliofuata pesa zilirudi, kwetu na Laela. Siku ile chumba cha walimu kililipuka. Watu walipiga vigelegele, mwalimu wa michezo alinunua soda, tukamwimbia Mwalimu kama bibi harusi. Nami niliimba. Lakini katikati ya wimbo nikatoka nje nikasimama kwenye upepo.

Tulikuwa tunashangilia nini? Tumerudishiwa kilicho chetu. Mtu ameingia kwako, amebeba kuku wako, umemfuata hadi kwake, amekurudishia kuku akiwa na manyoya machache pungufu, nawe unapiga vigelegele. Na yeye bado anaendesha lile gari, bado anaitikia salamu zetu, na wala hajaambiwa mtoro na mtu yeyote.

Mwalimu alinikuta pale nje. "Leo hucheki," akasema.

"Nimekasirika, Mwalimu."

"Vizuri. Ila usiimalize yote leo." Akatazama mkononi. "Saa tano kasorobo. Watoto wako wanakusubiri."

Kitabu kingine kipya kimekuja, kimechapwa juu kabisa maelekezo ya kuandika saa jinsi simu inavyosema. Sijayafuata. Leo asubuhi yeye ameandika 1:10. Chini yake mimi, simu ikiwa mfukoni, nimeandika 1:12.