Jina Alilolitaka Mwaja

Mwaja alirudishwa kwao akiwa na miaka kama thelathini, baada ya kukaa na mume miaka kumi na miwili bila kupata mtoto. Mume hakumpiga wala kumtukana. Alimsindikiza tu mpaka kwa Matonya, mdogo wake Mwaja, akaweka mzigo wake kando ya mlango, akanywa maziwa aliyopewa, akaondoka.

Tembe ya Matonya ilikuwa mashariki ya Nzuguni, mwendo wa asubuhi moja. Wadachi walikuwa wameshafikisha reli Dodoma, na Matonya alikuwa akienda kufyeka vichaka kando ya njia ya treni, anarudi baada ya majuma kadhaa. Nyumbani walibaki mama yake mzee, mke wake Sechelela, na watoto.

Sechelela alikuwa mdogo kwa Mwaja kwa miaka kumi. Alikuwa mwanamke wa kucheka upesi na kuzaa upesi. Mwaja alipofika alimkuta na watoto watatu. Wa nne, msichana aliyeitwa Nyemo, alipokelewa na mikono ya Mwaja mwenyewe siku alipozaliwa, na huyo Nyemo ndiye mama yangu. Ninayoyasimulia nimeyapata kwake. Yeye aliyapata kwa hao wanawake wawili, kila mmoja akisema kwa upande wake.

Mwaja ndiye aliyetangulia kwenda kwa Mwalimu Gideoni, kijana Mgogo aliyetumwa na misheni kufundisha kusoma katika banda la miti lisilokandikwa. Siku ya kwanza alikwenda kwa sababu hakuwa na la kufanya jioni. Siku ya tatu Gideoni alifungua Biblia yake ya Kiswahili, akaeleza kwa Kigogo habari za Hana, mke asiyezaa, ambaye mke mwenzake alimchokoza mpaka akawa hali chakula. Alisali midomo ikicheza bila sauti, na kuhani akadhani amelewa. Mwaja hakusikia mengine yaliyofuata. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akilitaja jina lile peke yake.

Kesho yake, wakisaga uwele, alimwambia wifi yake. "Siku nikibatizwa nitaitwa Hana. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" Sechelela akasema. "Twende wote jioni, niisikie na mimi hiyo habari."

Mwaja alifurahi kupata mtu wa kufuatana naye njiani. Hakujua anafanya nini.

Misheni ilikuwa na sheria yake: asiyeweza kusoma Injili mwenyewe hakubatizwa. Mwaja alikaa na herufi zile miaka mitatu. Akizishika leo, kesho zimemtoka. Sechelela, aliyekuwa akija na mtoto ziwani, akichelewa, akitoka katikati ya somo kumtuliza anayelia, alisoma mstari mzima baada ya miezi mitano. Gideoni alimwomba arudie, akarudia bila kukosea. Watu wa darasa walicheka kwa furaha. Mwaja naye alicheka, lakini alisema baadaye kwamba siku ile ndiyo aliyosikia kitu kikimkaa kifuani kama tonge kavu, kisishuke wala kisipande.

Padre alipokuja juu ya punda wake kubatiza, walioitwa walikuwa wanne: wanaume wawili, mjane mmoja aliyekuja kuitwa Emilia, na Sechelela. Mwaja aliambiwa asubiri. Kwa hiyo alisimama pembeni na Nyemo mgongoni, amembebea mtoto mwanamke anayekwenda majini, na alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

"Jina lako?" padre akauliza.

"Hana," akasema Sechelela.

Mwaja hakupiga kelele. Alimfungua Nyemo mgongoni, akamkabidhi kwa mwanamke aliyekuwa karibu, akaenda zake nyumbani. Walikutana jioni mahali pa kusagia.

"Ulijua lile jina nilikuwa nimelitaka."

"Nililipenda tangu siku ile uliyoniambia," akasema wifi yake, na mama yangu anasema hakuwa na hila. "Sikujua jina ni la mtu mmoja. Tutaitwa wote."

"Wewe una watoto wanne."

"Na watoto wangu wanahusu nini?"

Mwaja aliendelea kusaga, kwa sababu kumjibu kungekuwa kumweleza mambo ya miaka kumi na miwili.

Tangu hapo jina lile halikumpa nafasi. Asubuhi watu walipita wakisalimu, "Mbukwa, Hana," Mwaja yumo ndani akiwasha moto. Gideoni akimtaka mtu wa kusoma, alimwita Hana. Hata Matonya, ambaye hakuwa na habari na mambo ya kanisa, alirudi kutoka kwenye reli akajizoeza kumwita mkewe hivyo kwa utani, na baadaye bila utani. Mwaja peke yake aliendelea kusema Sechelela. Alilisema kwa sauti kubwa, mbele za wageni.

Jumapili ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko siku zote. Wasiobatizwa walitoka kabla ya meza ya Bwana, wakakaa nje kwenye jua. Ukuta ulikuwa wa miti mitupu, kwa hiyo kila kilichoimbwa ndani kilisikika, na sauti ya Hana ilikuwa juu ya sauti zote. Mwaja alikaa na mtoto wa Hana magotini, akimpepea inzi, akisikiliza.

Nyemo alipokuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, alishikwa na homa, akawa anakakamaa. Mama mkwe akaleta dawa ya mganga, kijiti chembamba katika uzi mweusi, ili afungwe kiunoni. Hana alikataa mara mbili. Ya tatu, mtoto macho yamegeuka juu, aligeuza uso ukutani akasema, "Fanyeni." Nyemo akafungwa uzi. Aliyemshika miguu isitikisike alikuwa Mwaja.

Siku ya nne mtoto aliomba uji. Siku ya tano Mwaja alikwenda kwa Gideoni.

"Mwalimu, nina jambo. Hana amemfunga mtoto hirizi."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita wifi yake jina lile. Habari ya nani aliyeshika miguu hakuisema, na Gideoni hakuuliza.

Hana aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, akakiri, akawekwa nje miezi sita. Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa kutoka, alitoka pamoja na wanafunzi, akaja akakaa mavumbini kando ya Mwaja. Macho yalikuwa mekundu.

"Sasa tuko wote huku nje, wifi," akasema, akamlalia begani.

Mwaja alikuwa ameingoja furaha ya siku ile, na kwa muda mfupi aliipata. Kisha ibada ikaisha. Watu walipotoka walimzunguka Hana. Emilia alimletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia miezi sita si mingi. Mwaja alikuwa amekaa nje miaka mitatu na hakuna aliyewahi kumletea hata maji. Akaona kwamba hata aibu, ikimpata Hana, inageuka kuwa kitu cha kupendwa.

Miezi ile yote Hana hakujua nani aliyemsema. Alidhani ni jirani. Jioni alikuwa akimwekea Mwaja kidole chini ya mistari, akimsomesha pole pole kuliko Gideoni, na Mwaja akaanza kushika. Alichukia kwamba anashika kwa njia hiyo. Hata hivyo alishika.

Padre alipotuma habari kwamba anakuja tena, Mwaja aliitwa kupimwa na Gideoni na wazee wawili. Asubuhi hiyo Hana alitoa kitambaa cheupe alichobatiziwa, amekifua kwa maji ya kisima cha mchangani, akamfunga Mwaja mwenyewe.

"Usikae chini na hiki," akamwambia. "Vumbi letu halitoki."

Mwaja alisoma kurasa mbili bila kukwama. Aliulizwa maswali akajibu. Kisha Gideoni akauliza swali la mwisho, ambalo kila mtu aliulizwa na kila mtu alijibu hapana.

"Kuna mtu yeyote una neno naye?"

Mwaja alikitazama kitambaa alichofungwa. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeleta habari ya Hana. Sikuileta kwa sababu ya dhambi. Niliileta kwa sababu ana watoto, anasoma, na jina langu amelichukua. Na siku ile mtoto nilimshika mimi."

Gideoni aliandika katika daftari lake. "Mwaka mmoja zaidi," akasema.

Hana alikuwa amesimama nyuma ya ukuta ule wa miti akimngoja. Aliposikia aliondoka. Mwaja alipofika nyumbani alivua kitambaa, akakikunja. Hana alikipokea, kisha akamchukua Nyemo aliyekuwa akimkimbilia shangazi yake.

"Mtoto wangu nitambeba mwenyewe."

Walikaa hivyo kiangazi chote bila kusemezana, katika tembe moja, chungu kimoja. Mwaja alisema hakuna alichokionea wivu maishani kama mgongo wa wifi yake siku zile, na mtoto amelala juu yake.

Mvua za kwanza ziliponyesha Hana alikuwa na mimba kubwa, na shamba lilitaka kupandwa. Asubuhi moja alimtua Nyemo magotini kwa Mwaja, akachukua jembe, akatoka. Mwaja alimfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe lake, akamfuata. Waliongea tena siku hiyo, habari za mbegu.

Alibatizwa mwaka uliofuata. Gideoni alimpendekezea jina la Loisi.

"Huyo ni nani?"

"Ni bibi yake Timotheo. Aliilea imani ya nyumba yake."

"Huyo naye alikuwa na mtoto wake."

"Alikuwa naye."

"Basi nipe hivyo hivyo," akasema. "Siwezi kungoja mwaka mwingine."

Vita vilipokuja, Wadachi walimchukua Matonya kuwa mpagazi, naye hakurudi. Njaa ikafuata. Wanawake hao wawili waliwalea watoto wote kwa ubuyu na mizizi, na kati ya watano walimpoteza mmoja, yule mdogo. Hana alimlilia. Loisi alimlilia zaidi, na watu walisema hivyo, na Hana akakasirika kwamba wamesema.

Mama yangu aliwahi kumwuliza shangazi yake, uzeeni, kama wivu ule uliwahi kwisha. Loisi alikuwa akipembua uwele. Alisema ulipungua, kisha akauliza kama ni kweli Hana ameshonewa gauni jipya la Pasaka, na ni la rangi gani.