Matete ya Daphrose

Daphrose, mjane wa mtaa wa Gasenyi, alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Kabla ya vita alikuwa akikata nyasi vilimani. Mwaka 1996 risasi ziliifunga njia ya huko, akabaki na kipande cha matete ya malisho nyuma ya nyumba. Yalikuwa marefu kumpita mtu, lakini ng'ombe alichagua majani machache na kuacha mabua, magumu kama kuni. Maziwa hayakutimia lita moja kwa siku.

Asubuhi moja mkuu wa askari waliolinda kizuizi cha barabarani akaingia uani.

"Mama, watu wanaweza kujificha humu. Jumamosi nikute yote iko chini."

Daphrose hakutulia. Mara bandani, mara njiani, akishika panga na kuliweka. Jirani yake Népomuscène, aliyekimbia vita mikoani ambako alifundisha kilimo, akamwambia, "Kata tu. Hiyo imezeeka, haina chakula tena."

"We unataka ngombe yangu ife?"

"Apana, mama. Acha mashina ya kiganja kimoja, weka samadi katikati ya mistari. Na usingoje tena irefuke."

Akakata. Majuma matano ng'ombe aliishi kwa migomba iliyokatwakatwa, mbavu zikatokeza. Kila mlio wa risasi uliposikika Daphrose alimfungua, tayari kukimbia naye, kisha akamfunga tena na kurudi kubeba samadi. Alipima machipukizi kwa vidole mara tatu kwa siku, huku akimlaani Népomuscène moyoni.

Mvua zikanyesha. Pale palipokuwa na bua moja yakatoka matano, sita, laini na mabichi. Yalipofika kiunoni, askari yule akarudi.

"Tena?"

"Ikifika kwenye mukanda yako, naikata. Angalia!"

Akafyeka mstari mzima mbele yake. Askari alimtazama ng'ombe akitafuna hadi mashina, akaenda zake.

Mwezi wa tatu tangu akate, maziwa yalifika lita nne. Daphrose alijaza chupa akampelekea Népomuscène, akakuta kufuli mlangoni. Watu wakasema amevuka mpaka kwenda Uvira, hakuaga mtu. Daphrose alisimama pale na chupa mkononi. Milio ikaanza tena upande wa vilima. Akageuka kwenda nyumbani upesi. Mstari wa pili wa matete ulikuwa umeshafikia kimo cha kukatwa.