Kikohozi cha Odell

Odell Stamps alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha nyuzi, hapo hapo mjini kwao Georgia, na alichotoka nacho ni vumbi la pamba kifuani. Kiwanda kikafungwa, kikohozi kikabaki. Mkewe, Lurleen, alijua kwa kikohozi tu kama mumewe yuko uani au bafuni. Na mtu mwenyewe mbishi! Ukimwelekezea simu umrekodi, anakupa mgongo na kwenda zake.

Ndiyo maana Lurleen alishangaa siku Odell aliporudi akicheka kutoka kwa watu wa televisheni, waliokuja mjini kurekodi tamthilia ya mazombi.

"Wanataka wakondefu," Odell alisema. "Wameniangalia, wakasema huyu tayari, hata poda asipakwe."

"Na wewe ukafurahi? Huna haya!"

"Ila wamenikataza kukohoa. Ati maiti hana pumzi."

Alicheza siku mbili, akibana pumzi mpaka macho yakamtoka. Machi tukamzika. Lurleen akabaki na picha za mnato na nyumba iliyonyamaza, akaingoja tamthilia ile miezi saba, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kumwona mumewe akitembea.

Ilipoanza Oktoba, mji mzima ulikusanyika jioni kwenye ukumbi wa kanisa, kila mtu na chakula chake. Lurleen alipeleka maharage, akakaa mstari wa mbele na Raelynn, binti wa kaka yake. Mazombi wakatokea kwenye kituo cha mafuta, na Odell katikati yao, shati wazi, mbavu nje.

"Jamani, mbavu za mpira hizo!" akapayuka mtu nyuma. "Wamebana matumizi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo Odell akakohoa. Mara moja tu, kikavu, mkono ukipanda mdomoni kama kawaida yake. Kisha akapigwa risasi ya kichwa, watu wakashangilia. Lurleen hakuiona hata hiyo risasi. Alikuwa amekisikia kikohozi, na mwili mzima ulimsisimka kwa furaha.

Kesho yake Raelynn alikuja na simu, uso umemshuka.

"Shangazi, watazamaji mtandaoni wamemkamata Mjomba akikohoa. 'Zombi ana mafua!' 'Mpeni dawa ya kifua!' Wengine wamekasirika kweli, wanasema uzembe huo umewaharibia kipindi kizima."

"Waandikie. Waambie ni mume wangu, amekufa, wamwache."

Raelynn akaandika. Majibu yakamiminika, na Lurleen akashikilia asomewe yote. Wachache walitoa pole. Mmoja akauliza kama marehemu ameshatoka kaburini kubisha hodi. Mwingine akasema mama huyu anatafuta umaarufu. Shenzi kabisa, watu wazima hao!

Wiki nzima Lurleen alikirudia kipande kile kila asubuhi kabla ya chai, kwenye televisheni iliyounganishwa na mtandao. Raelynn alikuwa amemfundisha kitufe cha kurudisha nyuma. Alikuwa akikizima kabla ya risasi.

Jumatatu iliyofuata alibonyeza kama kawaida. Odell akatokea, mbavu nje. Kifua kikapanda, mkono ukapanda, mdomo ukafunguka. Kimya. Lurleen akaongeza sauti, akarudia. Upepo ulisikika, miguu ya wenzake ikiburuta changarawe ilisikika, Odell hakusikika. Akampigia Raelynn simu aje haraka, televisheni imeharibika.

Raelynn alifika, akasikiliza mara mbili, akatoa simu yake mfukoni.

"Haijaharibika, Shangazi. Wenye tamthilia wamekifuta kikohozi huko mtandaoni. Wametangaza kwamba wamesikia malalamiko."

"Na watazamaji wanasemaje?"

"Achana nao."

"Nisomee, mwanangu."

Raelynn akasoma kwa sauti ndogo. "'Asanteni kwa kurekebisha. Sasa amekufa kweli.'"